Seiffen: kijiji kilichotoka kwenye bati kikaingia kwenye mti

Mpakani mwa Ujerumani na Jamhuri ya Czech, kusini mwa jimbo la Saxony, imetanda milima ya Erzgebirge. Humo bondeni, chini ya kilima cha Schwartenberg, kiko kijiji cha Seiffen, chenye wakazi wapatao 2,000. Majira ya baridi huko ni marefu, kiangazi ni kifupi, na udongo wake haujawahi kumtajirisha mkulima. Waliohamia huko hawakufuata mashamba. Walifuata bati.

Kijiji kinatajwa katika maandishi tangu mwaka 1324. Kwanza bati lilipatikana kwa kuosha mchanga wa vijito. Lilipoadimika, watu wakauvamia mwamba wenyewe, na mashimo makubwa waliyoyaacha yanaonekana hadi leo. Mawe yalipondwa kwa mitambo iliyoendeshwa na magurudumu ya maji. Lakini mgodi haulishi milele: karne ya 18 ilikuta bati likififia, na mwaka 1849 uchimbaji ukakoma.

Kufikia hapo wanakijiji walikwisha kujiokoa. Msitu wa misprusi uliwazunguka, na maji bado yalitiririka. Magurudumu yaliyokuwa yakiponda mawe yakafungwa kwenye kerezo, na wachimbaji wakaanza kukereza sahani, vifungo na pia za kusokotea uzi, kisha wanasesere. Inasimuliwa kwamba mwaka 1699 mfanyabiashara Johann Hiemann alipeleka bidhaa za Seiffen kwenye soko la Nuremberg kwa mkokoteni wa kusukuma.

Ufundi uliokipa kijiji hiki sifa ya pekee ulizaliwa katika dhiki. Fundi huchukua kipande kinene cha gogo la msprusi, kikiwa bado kibichi, akakifunga kwenye kerezo. Patasi inachimba upande mmoja, gogo linageuzwa, inachimba wa pili, huku maji ya mti yakimrukia usoni. Kinachotoka ni pete ya mti yenye mabonde na matuta, ambayo mgeni hawezi kuitambua. Fundi naye hamwoni mnyama aliyemo ndani. Mgongo, tumbo na miguu anavipima kwa mkono na kumbukumbu. Pete inapopasuliwa kwa kisu, kila kipande ni ng'ombe, farasi au tembo. Hubaki kuchonga kingo, kubandika masikio na mkia, na kupaka rangi. Pete moja huzaa wanyama kwa makumi, na ndiyo maana ufundi huu ulishika: bei ya mnyama mmoja ilikuwa ndogo mno.

Faida haikubaki kijijini. Wafanyabiashara wa kati walipanga bei, na familia nzima ikakaa mezani hadi usiku, watoto wakishika brashi ya rangi kabla hawajazoea kalamu. Tunaposifia uzuri wa vitu hivi, tusiwasahau watoto hao.

Mgodi nao haukusahaulika. Mchimbaji wa majira ya baridi aliingia ardhini kukiwa giza na kutoka kukiwa giza, hivyo mwanga ukawa na thamani kubwa nyumbani. Wakati wa Krismasi madirisha ya Seiffen huwekwa sanamu za mchimbaji na malaika zenye mishumaa. Zamani mchimbaji mmoja alisimama kwa kila mtoto wa kiume, malaika kwa kila wa kike. Kanisa la kijiji, lenye pembe nane, lililokamilika mwaka 1779, nalo hutengenezewa mifano midogo ya mti inayouzwa kwa wageni. Karibu mwaka 1870 Wilhelm Friedrich Füchtner alikereza hapa mwanasesere wa kupasulia njugu, aliyekuja kuigwa kote.

Mwaka 1972 serikali ya Ujerumani Mashariki ilitaifisha karakana nyingi, na bidhaa zikauzwa nchi za magharibi kutafuta fedha za kigeni. Baada ya muungano wa Ujerumani mwaka 1990 baadhi ya karakana zilirudi mikononi mwa familia. Leo wanaojua kukereza pete za wanyama ni wachache sana, na karibu wote wako Seiffen. Kijiji kina shule ya ufundi wa wanasesere wa mti, na vijana bado wanajiandikisha.