Elimu ya Viumbe katika Njia ya Misafara ya Tabora

Elimu ya viumbe, iitwayo pia baiolojia, huonyeshwa katika vitabu vya shule kama shamba lililokwisha kupimwa: huku mimea, huku wanyama, huku wadudu, na kila kipande kina mwenyewe. Lakini mipaka hiyo haikutangulia maswali. Maswali ndiyo yaliyoileta mipaka. Jambo hili huonekana wazi katika historia ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikielekea kaskazini hata Karagwe na Buganda. Njia ile ilikuwa ya pembe, nguo, shanga na watumwa. Elimu nayo ilipita humo, mzigo mmoja miongoni mwa mizigo, mabegani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Tawi la kwanza kufika lilikuwa elimu ya mimea, au botania. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Tabora, iliyoitwa Kazeh na wageni wa wakati ule, na njiani Grant alichuma mimea, akaikausha na kuiandikia maelezo. Mikusanyo yake ilichunguzwa Uingereza, na taarifa yake ikachapishwa London kati ya 1872 na 1875. Kazi hii ya kupanga viumbe kwa udugu wao na kuvipa majina ni tawi lenyewe, liitwalo taksonomia. Mtaalamu wa Ulaya aliutazama mti kwa ua lake na tunda lake, na kwa hayo akaujua ukoo wake. Wenyeji wa miombo walikuwa na mpango mwingine: mninga ulijulikana kwa ubao wake, na mtundu kwa gome linalofaa kutengenezea mizinga ya nyuki. Mpango mmoja wauliza mti ni ndugu wa mti gani. Mwingine wauliza mti wamfaa mtu kwa nini. Yote mawili ni maswali ya elimu.

Baada ya mimea ilifuata elimu ya wanyama, au zuolojia. Mjerumani Richard Böhm alifika mwaka 1880 pamoja na wenzake, wakakaa Kakoma na baadaye Igonda, kusini ya Tabora, naye akaandika habari za ndege na wanyama wa misitu ile hata alipofariki Katanga mwaka 1884. Jina lake limebaki katika majina ya kitaalamu: ndege mmoja wa jamii ya wala-nyuki huitwa Merops boehmi, na punda milia wa nchi hizi huitwa boehmi. Mwaka 1883 aliona katika Ziwa Tanganyika yavuyavu, kiumbe ambaye watu wa pwani humjua kuwa ni wa maji ya chumvi. Habari hiyo ilizusha swali kubwa: je, ziwa hili lilikuwa zamani sehemu ya bahari? J. E. S. Moore alisafiri mara mbili kulichunguza jambo hilo, naye akashikilia kwamba ndivyo. Wataalamu waliomfuata waliikataa rai yake. Ziwa halikukatwa na bahari. Viumbe wake wamegeuka humo humo kwa muda wa mamilioni ya miaka, na samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine duniani. Basi kosa la Moore halikupotea bure, kwa kuwa lililipa kazi tawi jingine, yaani elimu ya mageuko ya viumbe.

Tawi la viumbe wasioonekana kwa macho, yaani mikrobiolojia, lilikuta maskani yake katika vibanda vya kupumzikia wasafiri. Mwaka 1905 Robert Koch, akitafuta chanzo cha homa ya vipindi, aliwachunguza papasi waliojificha katika udongo mkavu wa sakafu za vibanda hivyo, akaviona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Mwaka huo huo Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo ya mashariki, alifariki kwayo huko Kasongo. Yafaa hapa kutazama lugha. Kiswahili hakimchanganyi papasi na kupe: kupe humng'ang'ania mnyama kwa siku nyingi, na papasi hukaa nyumbani, hutoka usiku, hunyonya damu na kurudi mafichoni. Wataalamu nao wamewaweka katika jamaa mbili mbalimbali. Tofauti iliyoandikwa katika vitabu vyao ilikuwa imekwisha kutajwa na wasemaji waliolala katika vibanda vile.

Lakini mdudu aliyeyakutanisha matawi yote ni mbung'o. Kwa sababu yake ng'ombe, farasi na punda walikufa njiani, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya mizigo ichukuliwe na watu mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Elimu ya wadudu, au entomolojia, ilimtambua mdudu na aina zake. Elimu ya vimelea ilionyesha ugonjwa: mwaka 1895 David Bruce alithibitisha katika nchi ya Wazulu kwamba mbung'o huchukua tripanosoma ya nagana, na mwaka 1909 Friedrich Kleine, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, alionyesha kwamba kimelea hicho hukua ndani ya mdudu kabla ya kuambukizwa. Fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili, ilieleza kwamba mbung'o hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja. Uzazi huu wa polepole ulisaidia kummaliza kabisa kisiwani Unguja katika miaka ya 1990, kwa kuachia madume waliotasishwa kwa mionzi.

Huku bara mambo yalikuwa mazito zaidi. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza uchunguzi wa mbung'o Shinyanga hata kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1938, alifahamu kwamba mdudu huyu hawezi kuelezwa pasipo kueleza kichaka anachokaa, mnyama anayemnyonya na mtu anayefyeka. Hii ndiyo ekolojia. Hata hivyo, tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale. Palipohamwa, mashamba yaligeuka mwitu. Mwaka 1977 Helge Kjekshus alitoa hoja kwamba kabla ya ukoloni wenyeji wenyewe walikuwa wamemzuia mbung'o kwa kulima, kuchoma nyasi na kuchunga, na kwamba sotoka ya miaka ya 1890, vita na njaa ndivyo vilivyouvunja ulinzi huo. Hoja hiyo imebishaniwa, lakini imewalazimu wanahistoria kumhesabu mkulima na jembe lake miongoni mwa sababu za afya ya nchi.

Kwa hiyo mgawanyo wa matawi una faida pale tu kila tawi linapojua mwisho wa neno lake. Anayemjua mdudu peke yake aweza kuwahamisha watu, asijue kwamba anamwachia mdudu nchi. Nao wajenzi wa istilahi wana kazi iliyo karibu: neno geni hukopwa kwa siku moja, lakini majina ya miti, ndege na wadudu yaliyomo vinywani mwa warina asali, wawindaji na wachungaji wa Unyamwezi hukusanywa kwa kuwauliza wenyewe, nao hawadumu milele.