Kishikwambi kijacho cha sensa: Kitakuwa na uzito gani?

Na MWANDISHI WETU

SENSA iliyofanyika usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya ambapo makarani waliweka kando madodoso ya karatasi na kubeba vishikwambi, ambavyo wengi huviita tabuleti. Viliunganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Kwa kuwa Wakenya wamehesabiwa kila baada ya miaka kumi tangu 1969, zamu ijayo yatarajiwa 2029. Je, karani atapewa kifaa chenye uzito na unene gani?

Historia yatupa pa kuanzia. iPad ya kwanza ya kampuni ya Apple, mwaka 2010, ilikuwa na unene wa milimita 13.4 na uzito wa gramu 680. iPad Air 2 ya mwaka 2014 ilishuka hadi milimita 6.1 na gramu 437. Muongo mmoja baadaye, Mei 2024, iPad Pro ya inchi 11 ilifika milimita 5.3, lakini uzito wake ni gramu 444. Unene umezidi kupungua ilhali uzito umekwama. Kioo kimepanuka, na betri nayo haina njia ya mkato: ukiipunguza, unapunguza saa za kazi.

Mjini Kitengela, uliokuwa na wakazi 154,436 mwaka 2019, jambo hilo si zito. Karani hupanda ngazi za nyumba za kupanga, na stima haiko mbali. Lakini Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa kilomita 21,871 za mraba, na sensa hiyo ilipata watu 1,117,840, yaani takriban 51 kwa kila kilomita ya mraba. Karani anayetoka Ilbisil kuyafuata maboma ya wafugaji aweza kutembea kutwa bila kuona soketi. Kwake, wembamba unaosifiwa madukani ni hasara. Vumbi na joto la upande wa Magadi pia hudai kifuko kigumu cha mpira, nacho huongeza uzito.

Kielelezo kilicho karibu zaidi na mahitaji hayo ni Galaxy Tab Active3 ya Samsung, iliyotolewa mwaka 2020: kioo cha inchi 8, unene wa milimita 9.9 na uzito wa takriban gramu 430. Kwa kukisia, basi, kifaa cha 2029 kikiwa ndani ya kifuko chake hakitapungua sana chini ya gramu 500, wala unene wake hautakuwa chini ya milimita 10. Atakayetabiri milimita tano huenda hajawahi kuangusha tabuleti kwenye mawe.

Betri ya Active3 hutolewa na kubadilishwa kwa mkono. Vifaa vya sensa vikifuata mtindo huo, karani wa Ilbisil ataweza kutia betri ya pili mkobani na kuendelea kuhesabu hadi jioni.