Annalena Tonelli: Aliyeishi kitawa Wajir bila kuwa mtawa

KATIKA karne ya sita, Benedikto wa Nursia alianzisha monasteri ya Monte Cassino nchini Italia, akawaachia wafuasi wake kanuni ambayo watawa wengi hadi leo huishi kwayo: kusali, kufanya kazi kwa mikono, kumpokea mgeni na kubaki mahali pamoja hadi kufa. Miaka 1,400 na zaidi baadaye, Mtaliano mwingine alishika maisha yanayokaribiana na hayo katika mji wa Wajir, kaskazini mwa Garissa, ambako karibu wenyeji wote ni Waislamu. Huyo ni Annalena Tonelli.

Tonelli hakuwa sista. Hakujiunga na shirika lolote la kitawa, na Kanisa Katoliki halijamtangaza mtakatifu. Alizaliwa mjini Forlì mnamo 2 Aprili 1943, akasomea sheria, na kwa miaka sita akawahudumia maskini wa mji wake. Aliwasili Kenya mwaka wa 1969. Baada ya kufundisha kwa muda mfupi karibu na Nyeri, alihamia Wajir, nako akawa mwalimu wa shule ya sekondari.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, ndio kwanza ulikuwa umetoka katika vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka wa 1991, na kila mgeni alitazamwa kwa shaka. Tonelli alikuwa Mkristo, tena mweupe, tena mwanamke asiye na mume wala mtoto. Kwa Wasomali, hilo la mwisho huenda ndilo lililokuwa gumu zaidi kueleweka. Hakuhubiri dini. Wanawake wachache waliotoka Italia walijiunga naye, wakaishi pamoja maisha ya sala na umaskini, huku wakiwalea na kuwafunza kutembea watoto waliolemazwa na polio. Baadaye palikuwa pia na makao madogo ya upweke, ambako mtu aliweza kukaa kimya na kusali.

Kazi iliyompatia jina ilikuwa vita dhidi ya kifua kikuu. Ugonjwa huo uliwamaliza wafugaji, lakini aibu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba familia nyingi zilikana kuwa nao. Matibabu ya siku hizo yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji alipopata nafuu kidogo na mvua ikanyesha mbali, alifungasha kibanda chake juu ya ngamia akaondoka, dawa zikakatizwa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wahamaji. Jibu lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Wagonjwa hawakulazwa wodini; walialikwa kuja na familia zao na kusimamisha vibanda vyao karibu na kituo chake, kama wanavyofanya malishoni. Walikaa miezi sita, na kila siku walimeza dawa mbele ya mhudumu. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya TB. Katika miaka ya 1990 WHO ilieneza duniani kote utaratibu wa DOTS, unaosimamia umezaji wa dawa kwa namna hiyo hiyo. Si haki kumpa Tonelli sifa zote, kwa kuwa Karel Styblo naye alikuwa akijenga mpango wa aina hiyo nchini Tanzania tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, Wajir ilionyesha kwamba hata mtu asiye na makao ya kudumu anaweza kumaliza dozi.

Kule kukaa muda mrefu na kuwajua watu kwa majina ndiko kulikomwingiza katika jambo zito zaidi la maisha yake. Mnamo 10 Februari 1984, majeshi ya usalama yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, kwa madai ya kuwanyang'anya silaha, na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji. Walivuliwa nguo na kuwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliojaribu kutoroka walipigwa risasi, na maiti nyingi zilitupwa porini.

Tonelli alitoka na wasaidizi wake kwa gari kuwatafuta walionusurika na kuzika waliokufa. Alikusanya majina ya marehemu, na taarifa pamoja na picha zikavushwa kwa siri hadi kwa wanadiplomasia wa nchi za nje. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka wa 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema idadi yao ilikaribia 1,000, na huenda ilizidi hapo. Bila mashahidi wa mapema kama yeye, hesabu ile ya 57 ingekuwa vigumu kupingwa.

Ushahidi huo ulimgharimu makazi yake. Alilazimika kuondoka Kenya, na tangu mwaka wa 1987 akafanya kazi nchini Somalia, ambako vita vilimkuta akilisha wenye njaa. Mwaka wa 1996 alihamia Borama, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, akaanzisha hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Alipinga pia ukeketaji wa wasichana. Mwezi Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen.

Jioni ya 5 Oktoba 2003, mtu mwenye bunduki alimpiga risasi kichwani katika eneo la hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60. Majivu ya mwili wake yalirudishwa Wajir, yakatawanywa katika ardhi ambayo hakuruhusiwa kubaki.