Ubishi wa Blur na Oasis
Ubishi wa Blur na Oasis ni mabishano ya mashabiki wa roki ya indi nchini Uingereza yaliyopamba moto mwaka 1995. Tarehe 14 Agosti bendi zote mbili zilitoa singo: Blur "Country House", Oasis "Roll with It". Hata taarifa za habari za televisheni zililibeba jambo hilo. Wiki ya kwanza Blur iliuza nakala zipatazo 274,000, Oasis 216,000. Watu wa Oasis hawakukubali: Blur walitoa singo yao kwa CD za aina mbili, na shabiki kindakindaki hununua zote. Ajabu ni kwamba hakuna wimbo kati ya hizo mbili uliokuwa bora zaidi wa bendi yake. Oktoba kibao kikageuka. Albamu ya Oasis, (What's the Story) Morning Glory?, ikaja kuiacha mbali The Great Escape ya Blur.

Muziki ulikuwa nusu tu ya ugomvi. Oasis, wa Manchester, walionekana watoto wa makabwela. Blur, wa London, wakaitwa wasomi. Neno "indi", yaani kurekodi nje ya kampuni kubwa, lilikuwa limeshachuja: lebo ya Blur ilikuwa mikononi mwa EMI, na Sony ilimiliki karibu nusu ya Creation, lebo ya Oasis.