Mbegu Ambazo Hazikuliwa

Kwenye kikundi chetu cha vijana cha Jumamosi huwa naanza na swali moja, halafu nanyamaza. Siku ile niliuliza: ni kazi gani ya binadamu iliyo tukufu kuliko nyingine? Majibu yakaja mbio mbio. Daktari. Rubani. Mchungaji. Mwanasheria. Kijana mmoja akasema dereva wa gari la shirika, tukacheka sana (wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa msikasirike, lile gari jeupe ni ndoto ya wengi). Hakuna aliyetaja mkulima, na wote pale ni watoto wa wakulima.

Lugha yetu yenyewe imehangaika na swali hili. Zamani muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Misafara ya kina Tippu Tip ilipoingia Maniema katika karne ya 19, wengi waliotembea nayo walijiita waungwana, na Kiswahili cha kwetu Kongo kikapata jina la Kingwana kwa ajili yao. Kumbe baadhi yao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Walivaa kanzu, wakashika lugha, jina likawakaa. Leo mtu akikuambia uungwana ni vitendo, hakuulizi tena ulizaliwa na nani. Basi nikawaambia vijana: tuache vyeo, tutazame vitendo. Nikawasimulia habari ya watu fulani wa mji wa Leningrad, huko Urusi, ambao kazi yao ilikuwa kutunza mbegu.

Mkubwa wao aliitwa Nikolai Vavilov, aliyezaliwa mwaka 1887. Nchi yake ilijua njaa kubwa, na yeye akaamua maisha yake yatakuwa vita na njaa. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Mahali ambapo mmea umelimwa tangu kale kuna aina zake nyingi, nyingine zinavumilia ukame, nyingine baridi, nyingine magonjwa. Ukizikusanya zote na kuzichanganya vizuri, unaweza kumpa mkulima mbegu inayofaa shamba lake. Kwa hiyo alisafiri: Afghanistan, Amerika ya Kusini, na mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, akitembea na nyumbu kwenye milima na kuokota ngano, shayiri na nafaka za wakulima wa huko. Kila mfuko ulirudi Leningrad, kwenye jengo la taasisi yake katika uwanja wa Mtakatifu Isaka. Ukawa mkusanyiko mkubwa kuliko wowote duniani wakati ule.

Mwaka 1940 serikali ya Stalin ilimkamata akiwa safarini Ukraine, anakusanya mimea. Kulikuwa na mtaalamu mwingine, Lysenko, aliyependwa na wakubwa kwa sababu aliahidi mavuno ya haraka, na Vavilov alikuwa amempinga waziwazi. Alihukumiwa kifo, baadaye hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Wenzake kwenye taasisi hawakujua yuko wapi. Waliendelea na kazi.

Halafu vita vikafika. Tarehe 8 Septemba 1941 jeshi la Wajerumani lilikata njia ya mwisho ya nchi kavu, na mji ukafungwa kwa siku 872. Michoro na vitu vya thamani vya jumba la makumbusho la Hermitage vilikuwa vimeshapakiwa kwenye treni na kupelekwa mbali. Mbegu nyingi zilibaki. Nani angefikiria mahindi na karanga ni hazina?

Sisi wa kambini tunajua habari ya mgao, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole. Mwishoni mwa Novemba 1941 mgao wa mkate ulishushwa hadi gramu 125 kwa siku kwa wafanyakazi wa ofisini, wazee na watoto. Gramu 125! Na unga wake ulichanganywa na vitu visivyoliwa, hata vilivyotokana na mbao. Hakuna mafuta, hakuna nyama, na baridi ya kuua. Watu walianguka barabarani wakiburuta maji. Mpaka vita vinaisha, raia wasiopungua laki 6 walikuwa wamekufa katika mji ule, wengi kwa njaa tu.

Ndani ya jengo lile kulikuwa na mchele, karanga, maharagwe, ngano, mahindi, viazi. Wataalamu wa viazi, Abraham Kameraz na Olga Voskresenskaya, walivichimba viazi shambani Pavlovsk, nje ya mji, huku mizinga ikilia. Viliwekwa chini ya jengo, na watu wakachoma chochote chenye kuwaka ili visigande. Panya walikuja kwa makundi, nao wana njaa. Mbegu zikafungwa kwenye masanduku ya bati, watu wakalinda kwa zamu usiku na mchana.

Dmitri Ivanov alikuwa mtaalamu wa mpunga. Alikufa kwa njaa, na kwenye chumba chake kulikuwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, mtu wa karanga, alikufa akiwa mezani pake pa kazi. Rodina alitunza oti, naye akafa. Hawakuwa peke yao.

Hapo kikundi kikawa kimya, halafu binti mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, lakini nje kulikuwa na watoto wanakufa. Huo utukufu gani?"

Nilijaribu hesabu ubaoni. Tuseme mbegu zingekuwa tani 10, na watu wa mji milioni 2. Kila mmoja angepata gramu 5, mara moja tu. Yule binti aliangalia ubao, akasema: "Sawa kwa mji mzima. Lakini wao walikuwa wachache. Wao wangekula wangepona."

Ni kweli. Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka sasa sioni kama hesabu inaweza kulijibu. Nilichoweza kumwambia ni kwamba wale watu hawakuwa malaika, na walijijua. Waliweka sheria kwamba mtu asiingie peke yake kwenye vyumba vya mbegu. Mtu mwenye njaa akikaa peke yake na mchele, mwisho wake wanaujua. Ndiyo sababu waliingia pamoja.

Sheria hiyo ndiyo inayonichoma mimi, na niliwaambia vijana kwa nini.

Nilikuwa na miaka 15, mgao ulikuwa umekatwa, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Mama alikuwa na maharagwe aliyotoka nayo nyumbani, vikombe viwili, yamefungwa kwenye kipande cha kitenge na kuchanganywa na majivu yasitobolewe na wadudu. Kila masika alipanda nyuma ya nyumba, akavuna, akarudisha vikombe viwili kwenye kitenge, na kilichozidi ndicho tulichokula. Siku ile alikwenda kutafuta kuni. Wadogo zangu walikuwa wanalia. Nilifungua fundo, nikaosha majivu, nikapika yote.

Mama aliporudi alisikia harufu kabla hajatua mzigo. Akauliza, "Umepika yapi?" Sikujibu. Hakunipiga. Alikaa na sisi akala kidogo, kisha akaosha sufuria mwenyewe. Mvua zilipokuja aliomba mbegu kwa jirani, aina nyingine. Ile ya kwetu hatukuipata tena, na kijiji ilikotoka hakina mtu.

Sijutii kwamba wadogo zangu walishiba siku ile. Ningeambiwa nirudie, labda ningepika tena. Lakini nilikula na mbegu za watu ambao hawajazaliwa, na hakuna aliyekuwepo mlangoni kuniuliza, wewe, unafanya nini? Wale wa Leningrad walifikiria pia watu ambao hawatawaona, watu wasingejua kamwe kama mchele uliliwa au la. Na walishikana mikono ili waweze.

Vavilov alifariki gerezani Saratov tarehe 26 Januari 1943. Mtu aliyetaka binadamu wote washibe aliuawa na njaa yeye mwenyewe. Hata hivyo mwaka uliotangulia, mwaka 1942, wenzake waliobaki walipanda tena viazi mjini na kuwafundisha wakazi kulima bustani, na uwanja wa Mtakatifu Isaka, mbele ya taasisi yao, ulijaa kabichi. Taasisi ipo mpaka leo, na inaitwa kwa jina lake.

Kikundi kilipoisha, yule binti alibaki anakunja mkeka. Akaniuliza maharagwe ya mama yalikuwa ya rangi gani. Nikamwambia meupe, yenye madoa mekundu karibu na jicho. Akasema bibi yake anayo yanayofanana hivyo, atamwuliza ametoa wapi. Bado hajaniletea jibu.