Petroli Inapovuja kwenye Pikipiki ya Mkono wa Pili

Anayenunua pikipiki iliyotumika huko Wote, Kaunti ya Makueni, huinunua pamoja na vumbi lake, na vumbi hilo mara nyingi ndilo huanzisha uvujaji. Zima injini, iache ipoe, na asiwepo mvuta sigara karibu. Funga koki ya tangi, pangusa palipolowa, ungoje dakika 10.

Matone yakiendelea, tatizo liko kwenye koki au tangi lililoliwa na kutu. Yakikatika, fungua koki tena. Mpira wa petroli uliopasuka utaloa mbele ya macho yako. Ukiwa mkavu, na petroli inachuruzika kwenye kimrija cha chini ya kabureta, basi sindano ya boya haizibi. Kwa kawaida ni uchafu tu, na kusafisha bakuli la kabureta hutosha. Sindano iliyolika ibadilishwe. Wanaoisugua kwa msasa wanaahirisha kazi.

Nusa oili pia. Ikinuka petroli, usiwashe injini: imwage yote, weka mpya.

Tangi lililotoboka usilipeleke kwa mchomea vyuma hivi hivi. Hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ndani hulipuka.