Machozi ya Mwenye Kutawakali: Dua katika Utendi wa Mwana Kupona

Kuhusu mtu anayemtegemea Mungu wakati wa shida kuna kauli mbili zinazovutana. Ya kwanza husikika misibani na kando ya vitanda vya wagonjwa: usilie, mwachie Mungu. Machozi huhesabiwa kuwa dalili ya imani haba. Ya pili ni ya wakosoaji wanaoiona tawakali kuwa ajizi yenye jina zuri, njia ya kumfanya mnyonge aridhike na unyonge wake. Hata hivyo, mfariji na mkosoaji wamekubaliana pasipo kujua. Wote wawili wanaamini kwamba tegemeo kwa Mungu likiingia moyoni, huzuni hutoka. Mmoja hulisifu jambo hilo, mwingine hulilaumu. Makala hii inakataa dhana hiyo yenyewe, na shahidi wake mkuu ni mwanamke mgonjwa wa Lamu.

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akimwusia bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Zanzibar. Mumewe alifariki mwaka 1856, na yeye mwenyewe akafuata mnamo mwaka 1860. Mwanzoni tu mwa utendi anamwambia binti kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Anaagiza wino na karatasi. Huyu ni mama anayejua kwamba muda wake unakwisha.

Wasomi hawatofautiani sana juu ya wasifu huo, kwa hiyo sitakawia hapo. Wanatofautiana juu ya maana ya nasaha. Alice Werner na William Hichens, walioutoa utendi huu kitabuni mwaka 1934, waliuweka chini ya anwani ya wajibu wa mke, na kwa miongo mingi ukasomwa hivyo. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliupinga usomaji huo, akionyesha jinsi lugha ya utendi inavyoweza kubeba maana isiyo ya utiifu mtupu. Mchango wake ni mkubwa. Lakini swali lililobaki mezani ni lile lile: je, mke huyu alikuwa mtiifu au hakuwa? Wakati huo theluthi ya mwisho, ambayo sehemu yake kubwa ni dua, imekuwa ikipitwa kama hitimisho la desturi. Naamini kiini cha utendi kimo humo.

Tuanze na beti za ujane. Mwana Kupona anasimulia kwamba faradhi ya mauti ilipofika, mumewe alimkariria radhi zake, akashukuru na kujikabidhi kwa Mola. Hiyo ni picha kamili ya tawakali kama mfariji anavyoitaka. Hapo hapo mtunzi anaongeza jambo ambalo mfariji asingelitarajia: tangu siku hiyo hata leo hajanyamaa kulia, kila akumbukapo maisha yao ya pamoja. Hasemi kwamba machozi hayo yalimpunguzia dini. Haombi radhi kwa ajili yake. Anayaandika katika wosia wa kumfunza bintiye, maana yake anataka binti ayajue.

Kisha anasema maneno ya kuusia yamekwisha, sasa atamwomba Mungu. Anaomba kirefu: kwa ajili ya wanawe, kwa ajili ya ndugu zake, kwa ajili ya kusamehewa, kwa ajili ya kupona. Na baada ya dua yote hiyo, anapojitaja kama mtunzi, anajieleza kuwa ni gharibu mwenye hamu, yaani huzuni. Mpangilio huu ndio ushahidi wangu mzito kuliko wote. Lau tawakali ingekuwa dawa ya kuondoa huzuni, tungetarajia kumkuta ametulia baada ya kuomba. Tunamkuta amekwisha kumkabidhi Mungu kila alichonacho, na hamu ingali naye. Amani yake imo katika tendo la kukabidhi: anajua anamwachia nani wanawe, ingawa moyo bado unauma.

Nadharia ya hali hii ilikuwapo katika elimu ya Kiislamu kabla yake. Al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, anataja daraja tatu za tawakali: ya mtu na wakili wake katika kesi, ya mtoto mchanga kwa mama yake, na ya maiti mikononi mwa mwoshaji. Katika daraja ya tatu hata kuomba hukoma. Katika ya pili mtoto hulia, ila hamlilii mwingine. Mwana Kupona yuko hapa, na nathubutu kusema kwamba kwa mzazi anayeacha watoto, daraja hii ina uzito wa kiutu ambao ya tatu haina. Al-Ghazali huyo huyo anakataa kwamba kuacha sababu za kidunia ni tawakali. Mwana Kupona kwanza amefundisha, amepanga, ameandika, ndipo akaomba.

Saikolojia ya dini nayo inafaa kuulizwa. Kenneth Pargament na wenzake, mwaka 1988, waligawa njia za kukabili matatizo katika tatu: kujitegemea mwenyewe, kumwachia Mungu yote, na kushirikiana naye. Njia ya pili ilihusishwa na uwezo mdogo wa mtu kujimudu. Mgawanyo huo unamshinda mwanamke huyu, aliyeachia yote huku akifanya yote. Mwaka 2000 watafiti wengine walipendekeza kuongeza kujisalimisha kwa Mungu kama njia ya nne, na hilo linakaribia ninachokiona, ingawa nalo linapima hali ya mtu mmoja mmoja na halisemi lolote juu ya wanaorithishwa dua hiyo.

Zipo pingamizi. Itasemwa kwamba dua ni kanuni ya tendi. Ni kweli; ila kanuni hailazimishi dua ndefu hivyo, wala haidai machozi ya mjane. Itasemwa pia kwamba alikuwa mwanamke wa tabaka la juu, na utulivu wake uliegemea mali na watumishi. Nakubali kwamba nyumba yake haikuwa nyumba ya mvuvi. Lakini mali haikumrudishia mume wala haikumtoa kitandani, na katika dua hiyo anasimama kama mwombaji, si kama bibi wa nyumba.

Mwishoni anawataka wanawake wote wausome utendi na kuufahamu. Kwa hiyo dua hii haikuwa siri ya mama na mwana. Ilikusudiwa kutumiwa na wagonjwa na wafiwa wengine, na machozi yake ndani. Kama hukumu hii inasimama nje ya utendi mmoja, bado sijathibitisha. Utenzi wa Ayubu ungekuwa kipimo kigumu zaidi, kwa sababu huko mgonjwa ni nabii, na msomaji huja akiwa amekwisha kuamini kwamba subira yake haikuwa na kilio.